Namba nne za mwendo wa ndege moja

Swali: Ndugu mhandisi, mpwa wangu ni rubani msaidizi. Amenitumia picha aliyopigwa akiwa kazini, wakirudi Dar es Salaam kutoka Mwanza, futi 35,000 juu. Nimeikuza nikaona spidi nne. Kwenye skrini iliyo mbele yake kuna 264, na chini yake .78. Kwenye skrini ya pili kuna TAS 460 na GS 435. Nilipomuuliza ipi ndiyo spidi ya ndege, akacheka akasema, "Zote, mjomba." Mimi nimeendesha lori miaka thelathini, na lori lina spidimita moja. Naomba unieleze ipi ni ya kweli, na ndege inapimaje mwendo wakati haina tairi linalogusa chini. Na je, ni kweli kwamba mdudu anaweza kuangusha ndege? Msomaji, Tanga.

Jibu: Mpwa wako hakukukwepa, ndugu yangu. Zote nne ni spidi za ndege ile ile, dakika ile ile. Kinachotofautiana ni swali ambalo kila namba inalijibu, na mimi niliyefanya kazi ya vipimo vya ndege zaidi ya miaka ishirini nafurahi sana umeuliza, kwa sababu hata baadhi ya watu wanaofanya kazi viwanjani hawajawahi kuuliza.

Tuanze na lori lako. Spidimita ya lori inahesabu mizunguko ya gurudumu, na lami haiendi popote. Ndiyo maana barabarani hakuna anayeuliza: spidi kwa kulinganisha na nini? Shuka hapo Tanga hadi ufukweni, swali hilo linazaliwa lenyewe. Mkondo wa bahari kwenye pwani yetu unaelekea kaskazini. Jahazi likienda Mombasa, mkondo unalisukuma; likirudi, mkondo unalipinga. Maji yanaweza kupita ubavuni kwa kasi ile ile safari zote mbili, usukani ukashika vilevile, lakini anayesubiri mzigo bandarini ataona safari moja fupi na nyingine ndefu. Nahodha ana kasi mbili: ya chombo ndani ya maji, na ya chombo kwa anayekitazama kutoka nchi kavu.

Ndege nayo ni chombo, ila bahari yake ni hewa, na hewa haitulii. GS kwenye picha ni kasi ya juu ya ardhi, ile ambayo mtu aliye chini angeipima kwa saa na ramani. Noti moja ni maili moja ya baharini kwa saa, yaani mita 1,852, kwa hiyo 435 ni kama kilomita 806 kwa saa. TAS ni kasi halisi ya ndege ndani ya hewa: 460, sawa na kilomita 852. Zile noti 25 zilizopotea katikati ni upepo wa mbele. Upepo huo ungegeuka ukawa wa nyuma, GS ingepanda hadi 485 na TAS ingebaki 460 pale pale.

GS inatokana na satelaiti pamoja na vifaa vya ndani ya ndege vinavyohisi kila msukumo. Inamwambia rubani atafika saa ngapi na mafuta yatatosha kiasi gani. Ndiyo pia abiria wanayoiona kwenye skrini za viti. Lakini bawa halina habari nayo. Bawa halijui kama chini kuna Dodoma au Ziwa Victoria. Linajua hewa inayolipiga, basi. Nimewahi kusimama uwanjani nikaona ndege ndogo ya viti viwili ikipambana na upepo mkali wa kusi hadi watoto waliokuwa kwenye uzio wakasema imesimama angani. Haikuwa imesimama. Kwa upande wa bawa lake, ilikuwa inakwenda barabara.

Sasa nikupe jambo ambalo huwashangaza wengi. TAS, hiyo kasi halisi hewani, haipimwi na kifaa chochote moja kwa moja ndani ya ndege ya mpwa wako. Inakokotolewa. Na rubani wala haiongozi ndege kwa namba hiyo. Namba ambayo jicho lake halibanduki kwayo ni 264, ambayo si kasi ya ndege juu ya ardhi wala kasi halisi ndani ya hewa. Ni kitu cha tatu kabisa, na kukielewa lazima turudi mtoni.

Mwaka 1732 mhandisi wa Ufaransa aitwaye Henri Pitot alikuwa akipima mwendo wa maji ya mto Seine, Paris. Wahandisi wengi wa wakati wake waliamini kwamba maji ya mto hukimbia zaidi kadiri unavyokwenda chini. Pitot akachukua mrija wa kioo uliopinda, akauzamisha mdomo wake ukitazama mkondo. Maji yalipouingia mdomo hayakuwa na pa kutokea, yakasimama, na msukumo wao ukapandisha maji ndani ya mrija juu ya usawa wa mto. Kadiri mto unavyokwenda kasi, ndivyo maji yanavyopanda. Kwa mrija huo aliweza kuonyesha kwamba imani ile haikuwa sahihi. Ukijaribu mwenyewe katika mto unaokwenda mita moja kwa sekunde, maji yatapanda kama sentimita 5. Mto ukienda mita mbili kwa sekunde hayapandi 10, yanapanda 20. Mwendo ukizidishwa mara mbili, msukumo unazidi mara nne.

Wewe hili unalijua kwa mkono wako. Umetoa kiganja dirishani lori likienda 40, halafu ukakitoa likienda 80. Tofauti yake si ya maradufu. Ile ya pili inakurudisha mkono.

Mrija huo wa Pitot, ukiwa umeboreshwa, ndio unaochomoza chini ya madirisha ya marubani kwenye ndege kubwa, au chini ya bawa kwenye ndege ndogo. Mdomo wake unatazama mbele na hewa inaingia ikasimama humo. Kinachopimwa ndani ni kanieneo, yaani mgandamizo wa hewa kwa kila kipande cha eneo. Lakini hewa iliyonaswa mdomoni ina kanieneo ya aina mbili zilizochanganyika: ile ya hewa tulivu ya mahali pale, ambayo ingekuwepo hata ndege ingesimama, na ile ya ziada inayoletwa na mwendo. Ili kuzitenganisha, ndege ina matundu mengine madogo ubavuni, yaliyo bapa na ngozi ya ndege, ambayo hewa inayapita bila kuyaingia kwa nguvu. Hayo yanapata kanieneo tulivu peke yake. Toa ya ubavuni kutoka ya mdomoni, kinachobaki ni zao la mwendo.

Kwenye ndege za zamani, na ndogo nyingi hadi leo, utoaji huo unafanywa na kikopo chembamba cha metali ndani ya saa ya spidi. Hewa ya mrija inaingia ndani ya kikopo, hewa ya ubavuni inajaza nafasi iliyokizunguka. Kikopo kinavimba kadiri tofauti inavyokua, na uvimbe huo unasukuma gurudumu dogo lenye meno, nalo linazungusha mshale. Nimefungua vifaa hivyo mara nyingi, na kila mara nimestaajabu jinsi kazi yote inavyofanywa na kitu chepesi kama ganda la yai. Kwenye ndege kubwa za leo hisi hiyo inafanywa na vitambuzi vya umeme na kompyuta ya data za hewa, lakini matundu ni yale yale, na hesabu ni ile ile.

Usidhani kanieneo hiyo ni kubwa. Ndege inayokuja kutua kwa noti 135 usawa wa bahari inazalisha tofauti inayoweza kuinua maji kwa sentimita 30, urefu wa rula ya mwanafunzi. Kwa noti 40 ni sentimita mbili na nusu tu. Ndiyo sababu mwanzoni mwa mbio za kuruka saa ya spidi haina la maana la kusema, na huanza kuaminika ndege ikishashika mwendo.

Hapa ndipo penye kiini cha swali lako. Kile kikopo hakipimi spidi. Kinapima nguvu ya hewa. Nguvu hiyo ni nusu ya densiti ya hewa, yaani uzito wa hewa katika kila mita moja ya ujazo, mara mwendo, mara mwendo tena. Ili kuandika noti kwenye uso wa saa, mtengenezaji lazima achague hewa ya densiti fulani, na dunia nzima imekubaliana kuchagua hewa ya kawaida ya usawa wa bahari: nyuzi 15 za Selsiasi, kanieneo ya hektopaskali 1,013.25, ambapo mita moja ya ujazo ya hewa ina uzito wa kilo 1.225. Katika hewa hiyo, na hiyo tu, saa inasema mwendo halisi.

Mpwa wako hakuwa katika hewa hiyo. Kwa futi 35,000, na baridi ya nyuzi 44 chini ya sifuri ambayo ni ya kawaida kwa anga letu la tropiki, mita moja ya ujazo ya hewa haifiki hata gramu 400. Ndege inakata hewa hiyo nyepesi kwa noti 460, na mrija unapigwa kwa nguvu ile ile ambayo ungepigwa kwa noti 264 juu ya bahari pale Tanga. Kwa hiyo saa inasema 264, nayo inasema kweli kuhusu kile inachokipima.

Utaniuliza: kwa nini basi wasirekebishe, mambo yakaisha? Kwa sababu hicho kinachoonekana kama kasoro ndicho rubani anachokihitaji. Bawa nalo linaishi kwa nguvu ile ile ya hewa. Uwezo wa bawa kubeba ndege unategemea densiti na mwendo kwa uwiano ule ule unaoujaza mrija. Hewa ikiwa nyepesi, bawa linabeba kidogo na mrija unasoma kidogo, kwa pamoja. Rubani akiambiwa kwamba ndege yake, kwa uzito fulani, bawa litaacha kubeba ikishuka chini ya noti 110 za kwenye saa, namba hiyo inamfaa Dar na inamfaa Nairobi, na kwa ndege ndogo zisizopaa sana hata hahitaji kuifikiria upya. Hali hiyo ya bawa kuacha kubeba ndiyo marubani huiita stoli. Angetumia kasi halisi, angelazimika kukariri namba tofauti kwa kila kimo na kila joto. Spidimita ya lori haina busara hiyo, kwa maana lori halibebwi na hewa.

Tuchukue mfano wa kutua, maana hapo namba zinagusa tairi na breki, ambavyo unavijua kuliko mimi. Ndege ile ile, uzito ule ule, inakuja na 135 kwenye saa. Dar es Salaam, karibu na usawa wa bahari, siku ya nyuzi 30, kasi halisi inakuwa kama noti 138. Nairobi, uwanja wa Jomo Kenyatta uko futi 5,330 juu ya bahari. Siku ya nyuzi 25, ile 135 ya kwenye saa ni 151 ya kweli. Rubani haoni tofauti kwenye saa na bawa halihisi tofauti, lakini siku isiyo na upepo matairi yanagusa njia kwa noti 13 zaidi, kama kilomita 24 kwa saa. Na kwa kuwa nguvu ya mwendo inakwenda kwa kuzidisha mwendo kwa wenyewe, breki za Nairobi zinapokea karibu asilimia 20 zaidi ya zile za Dar. Ndege za viwanja vya juu zinahitaji njia ndefu, na njia ya Nairobi ina urefu wa zaidi ya kilomita 4.

Kuna marekebisho madogo hapo katikati ambayo sitayakawilia. Matundu ya ubavuni hayawezi kukaa mahali ambapo hewa haijavurugwa kabisa na mwili wa ndege, kwa hiyo watengenezaji hupima kosa hilo wakati wa majaribio, mara nyingi kwa kukokota mrija mrefu wenye koni nyuma ya mkia hadi kwenye hewa safi, kisha hulisahihisha. Kasi iliyosahihishwa ndiyo inayoonyeshwa kwenye skrini za ndege kubwa. Lipo pia jambo la hewa kubanwa. Ukichukua 460 na kurekebisha kwa wepesi wa hewa peke yake, utapata noti 250, siyo 264. Zile 14 za ziada zinatokana na hewa kubanwa mdomoni mwa mrija, kama pampu ya baiskeli, ndege ikienda mbio sana. Wahandisi wa mabawa huitumia sana ile 250. Rubani haihitaji.

Bado .78. Hiyo ni namba ya Mach, kwa jina la mwanafizikia wa Austria Ernst Mach, na maana yake ni kwamba ndege inakwenda asilimia 78 ya mwendo wa sauti. Sauti inategemea joto la hewa tu. Usawa wa bahari kwa nyuzi 15 inakwenda noti 661. Kule juu kwenye nyuzi 44 chini ya sifuri inakwenda 590. Zidisha 590 kwa 0.78 upate 460, na umeona TAS ilikotoka. Kizuri ni kwamba namba ya Mach yenyewe haihitaji kipimajoto. Inapatikana kwa kugawanya kanieneo za yale matundu mawili. Joto linaingia pale tu kompyuta inapotaka kuigeuza Mach kuwa noti, na hata kipimajoto hicho kinahitaji kusahihishwa, kwa sababu hewa inayokigonga kwa mwendo ule inabanwa na kupata moto. Kwenye safari ya mpwa wako kitambuzi kilikuwa kinahisi takriban nyuzi 16 chini ya sifuri, na kompyuta ikajua kwamba hewa ya nje, yenyewe, ni 44.

Mach inahitajika kwa sababu ndege ya abiria ikikaribia mwendo wa sauti, hewa inayopanda juu ya mgongo wa bawa inaweza kuuvuka mwendo huo kabla ya ndege yenyewe, na hapo bawa linaanza kutetemeka na kupoteza ubora wake. Kwa hiyo chini rubani analinda saa ya noti. Akipanda anashikilia, tuseme, 280, na jinsi hewa inavyozidi kuwa nyepesi namba ya Mach inapanda yenyewe mpaka ifike .78. Kuanzia hapo anashikilia Mach, na noti za kwenye saa zinaanza kushuka. Ukipanda zaidi, mwendo wa chini kabisa unaoruhusiwa na ule wa juu kabisa vinasogeleana. Huko juu hakuna nafasi ya kubahatisha spidi, na hilo linanileta kwa mdudu wako.

Ndiyo, ni kweli. Wale nyigu wanaojenga viota vya tope ukutani wanapenda tundu la upana wa kalamu, na mrija wa Pitot ni tundu la namna hiyo. Mwaka mmoja nilitumwa bara kukagua ndege ndogo iliyolala wiki nzima kwenye uwanja wa nyasi. Kifuniko cha mrija kilikuwa kimepotea, na mtu fulani alikuwa amefunga kitambaa kilichokwisha kulegea. Niliufungua mrija nikakuta tope kavu limeujaza, na ndani ya tope kuna kiwavi mzima wa nyigu. Rubani alikuwa amepanga kuruka asubuhi ile. Sikulala vizuri usiku huo.

Tarehe 6 Februari 1996 ndege ya Boeing 757 ya shirika la Birgenair iliruka usiku kutoka Puerto Plata, Jamhuri ya Dominika, baada ya kukaa chini siku kadhaa. Mrija wa upande wa rubani mkuu ulikuwa umeziba, na wachunguzi waliona kwamba yaelekea ni kazi ya nyigu wa namna hiyo. Wakiwa bado kwenye njia ya kurukia, rubani aliona saa yake haifanyi kazi, lakini akaendelea. Kisha, walipopanda, saa ikaanza kusoma. Hapa naomba usome taratibu. Mdomo ulioziba umefungia hewa ya zamani ndani. Ndege inapopanda, kanieneo ya matundu ya ubavuni inapungua, kwa hiyo tofauti inaongezeka, na saa inasoma spidi inayozidi kupanda ingawa ndege haijaongeza chochote. Saa ya spidi imegeuka kuwa kipima kimo. Mtambo wa kuendesha ndege ulioifuata saa hiyo ukainua pua ili kupunguza spidi ambayo haikuwepo. Tahadhari ya kuzidisha mwendo ikalia, kisha na ya kukaribia stoli, zote mbili. Watu 189 walikufa, na saa ya rubani msaidizi ilikuwa nzima muda wote.

Miezi minane baadaye, tarehe 2 Oktoba 1996, ikawa zamu ya matundu ya ubavuni. Boeing 757 nyingine, ya shirika la Aeroperú, ilisafishwa Lima, na gundi ya utepe iliyofunika matundu hayo wakati wa kuoshwa haikubanduliwa. Ubavu ukifungwa, inayopotea si spidi peke yake, ni kimo pia. Ilikuwa usiku, juu ya bahari, hakuna taa chini. Waongozaji wa ndege walipowasomea kimo kutoka kwenye rada yao, kimo hicho kilikuwa kimetumwa na ndege yenyewe, kutoka kwenye matundu yale yale yaliyofungwa. Watu 70 wakafa katika bahari ya Pasifiki.

Na tarehe 1 Juni 2009, ndege ya Airbus A330 ya Air France kutoka Rio de Janeiro kwenda Paris ilipita kwenye mawingu ya tropiki juu ya Atlantiki. Ilikuwa futi 35,000, kimo kile kile cha picha yako. Mirija yote ilikuwa na hita za umeme, lakini chembe za barafu ziliijaza kwa wingi kuliko hita zilivyoweza kuyeyusha. Spidi zikapotea, mtambo wa kujiendesha ukajitoa, na rubani aliyeishika akavuta pua juu hadi ndege ikafika karibu futi 38,000 na kuingia kwenye stoli. Kilichoniumiza niliposoma ripoti ni kwamba kabla dakika moja haijaisha mirija ilikuwa imefunguka na spidi zimerudi. Ndege ilianguka hadi baharini kwa chini ya dakika tano, injini zikifanya kazi, na watu 228 wakapotea. Visanduku vya kumbukumbu vilipatikana mwaka 2011, karibu kilomita 4 chini ya maji.

Ndiyo maana ndege kubwa ina angalau mirija mitatu isiyotegemeana, na ndiyo maana katika mbio za kuruka utamsikia rubani mmoja akitaja "themanini" au "mia" na mwenzake akijibu. Wanalinganisha saa zao wakati bado kuna njia ya kusimama. Na zikikosana angani, mpwa wako amefundishwa kuacha kuzitazama: aweke pua kwenye pembe anayoijua na injini kwenye nguvu anayoijua. Kwa uzito unaojulikana, pembe fulani na nguvu fulani huzaa mwendo ule ule daima, iwe saa inasema au haisemi. Ulipokuwa lorini na spidimita imekufa, ulijua mwendo kwa gia na mlio wa injini. Ni maarifa hayo hayo.

Watu hunishauri mara kwa mara kwamba siku hizi kuna satelaiti, tuachane na matundu. Nawaelewa, lakini satelaiti inatoa GS. Ndege inayotua kwa GS 140 ikiwa na upepo wa nyuma wa noti 30, bawa lake lina 110 tu, ukingoni kabisa mwa kuacha kubeba, na satelaiti haitasema neno. Baadhi ya ndege mpya, kama Boeing 787, zina njia ya akiba ya kukadiria kasi kwa kuangalia pembe ambayo hewa inalipiga bawa, na hilo naliunga mkono kwa moyo wote, kwa sababu bado linaiuliza hewa.

Siku ukipanda ndege, kabla hujaingia mlangoni tazama kushoto, kuelekea pua, chini ya madirisha ya marubani. Utaiona mirija imechomoza kama vidole vimekunjwa kutazama mbele. Usiiguse hata ukiweza kuifikia. Hita zikiwaka inaunguza vibaya. Kisha tazama ubavuni utafute kibati bapa chenye vitundu vidogo, na kuzunguka kwake alama inayokataza kupaka rangi wala kukwaruza. Ndege ikiwa imelala, mirija huvikwa vifuniko vyenye utepe mwekundu mrefu, na kabla ya kila safari rubani mmoja huizunguka ndege kwa miguu kuhakikisha vimetoka. Mwambie mpwa wako akutumie picha ya kazi hiyo.